Handeni na Korogwe: Tovuti isilipiwe mara mbili

WAFANYABIASHARA wa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, wanaofikiria kuweka fedha katika tovuti wanashauriwa wasitenganishe kazi mbili ambazo mara nyingi huuzwa mbalimbali: usanifu wa tovuti, na matayarisho ya kuifanya ionekane katika mitambo ya utafutaji kama Google na Bing. Anayelipia sura kwanza na kuahirisha kuonekana hujikuta akilipa mara mbili, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya pili ni kubomoa ile ya kwanza.

Sababu yake ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kiufundi. Mnunuzi aliyeko Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam hamjui muuzaji wa Handeni kwa jina. Anachokijua ni bidhaa anayoitaka, kiasi anachokitaka na eneo inakotoka. Huandika katika simu yake maneno kama "machungwa ya jumla Tanga" au "gesti Korogwe karibu na stendi", kisha hufungua majibu mawili matatu ya mwanzo na kupiga simu. Tovuti iliyojengwa kwa kufuata jina la mwenye biashara haimjibu mtu huyo. Iliyojengwa kwa kufuata swali lake humjibu.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hasara hapa inahesabika. Asiye na mnunuzi hadi matunda yanapoiva huuza kwa bei ya dalali, na wapo wanaouza machungwa yakiwa bado mtini kwa sababu hawana namna ya kumfikia mnunuzi wa mbali. Tovuti haiondoi dalali sokoni. Inachoweza kufanya ni kumpa muuzaji mnunuzi wa pili wa kulinganisha naye bei, na hilo peke yake linatosha kubadili mazungumzo.

BARABARA KAMA TANGAZO

Kwa miaka mingi tangazo kubwa la biashara katika wilaya hizi limekuwa barabara. Gari litokalo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku, Michungwani na Segera kabla ya kufika Korogwe, halafu huendelea hadi Mombo ambako njia ya Lushoto huanzia. Pale Segera ndipo njia ya Tanga mjini inapochepuka. Abiria huona matunda yamepangwa kando ya njia, huuliza bei na kununua. Nyumba za kulala wageni na migahawa ya Korogwe na Mombo nazo huishi kwa wasafiri hao hao.

Tangazo la barabarani lina mpaka wake. Humpata anayepita tu, na humpata siku hiyo hiyo. Mji wa Handeni uko pembeni ya barabara kuu, na anayeufuata huingia kwa njia ya Mkata au ya Korogwe. Mfanyabiashara wa huko hana msafara wa mabasi unaopita mbele ya duka lake kila saa.

Katika utafutaji wa mtandaoni hesabu hiyo hubadilika. Mtu anayetafuta mahindi ya Handeni akiwa Nairobi yuko umbali ule ule kutoka kwa muuzaji wa kando ya barabara na yule wa kijijini. Anayepatikana ni yule ambaye ukurasa wake umeandikwa vizuri zaidi kwa swali lililoulizwa.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Kabla ya kutoa fedha inafaa kufahamu mtambo wa utafutaji hufanya nini. Kazi yake ina hatua tatu.

Kwanza, programu iitwayo mpekuzi huzunguka mtandaoni ikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukurasa usio na kiungo chochote cha kuufikia ni kama duka lisilo na njia. Pili, mtambo husoma ulichokikuta na kukiandika katika daftari lake kubwa, yaani ukurasa huu unahusu nini, uko kwa lugha gani na ni wa eneo gani. Tatu, mtu anapouliza swali, mtambo hauendi mtandaoni wakati huo. Hufungua daftari lake, huchagua kurasa zinazofaa na kuzipanga.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Wazo lililoipatia sifa lilikuwa kuhesabu viungo kama ushahidi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zinazoaminika hupewa uzito zaidi. Wazo hilo si geni sokoni. Mgeni anayetaka kukopeshwa mzigo huulizwa kwanza ni nani anayemjua.

Siku hizi mitambo hutazama mambo mengi zaidi ya viungo, lakini msingi umebaki ule ule. Mpekuzi hasifu rangi. Husoma maandishi, vichwa vya habari, majina ya kurasa na maelezo ya picha, na hupima kama ukurasa hufunguka upesi na kusomeka katika simu. Yote hayo hupangwa na msanifu tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana kazi hizi mbili haziwezi kutenganishwa bila hasara.

PALE FEDHA INAPOPOTEA

Makosa yanayowagharimu wafanyabiashara wadogo hayatokani na uhaba wa fedha. Mengi hutokana na mpangilio mbaya wa kazi.

La kwanza ni bango. Mwenye biashara hutengenezewa bango zuri lenye jina, orodha ya bidhaa na namba ya simu, yote yakiwa ndani ya picha moja, kisha bango hilo huwekwa kuwa ndiyo tovuti. Mtu huliona, lakini mtambo hauna maandishi ya kawaida ya kusoma. Mwenye biashara asitegemee kwamba mpekuzi atayachambua maneno yaliyochorwa ndani ya picha. Orodha ya bidhaa na namba ya simu ziandikwe kama maandishi, na kila picha iwe na maelezo mafupi ya kile inachokionyesha.

La pili ni ukurasa mmoja wa kila kitu. Muuzaji anayeuza mahindi, machungwa na kukodisha lori huweka vyote pamoja chini ya neno "Karibu". Neno hilo hakuna anayelitafuta. Mnunuzi wa machungwa na mtu anayehitaji lori wana maswali mawili tofauti, na kila swali linastahili ukurasa wake.

La tatu ni uzito wa picha. Picha iliyopigwa kwa simu janja na kuwekwa kama ilivyo inaweza kuwa na megabaiti 4. Kwa mtandao wa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, picha hiyo moja huchukua sekunde 32 kufunguka. Picha tano za namna hiyo ni megabaiti 20, na mnunuzi ndiye anayezilipia kwa bando lake. Google inapendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa vizuri hubaki na uzito mdogo sana na bado chungwa likaonekana ni chungwa.

La nne ni kubadili anwani za kurasa wakati wa kutengeneza upya. Tovuti iliyokwisha kuandikwa katika daftari la mtambo ikipewa anwani mpya bila zile za zamani kuelekezwa kwa mpya, mteja anayebonyeza jibu la zamani hukuta ukurasa haupo. Hapa ndipo malipo ya mara ya pili yanapouma, kwa kuwa aliyelipa hupoteza hata kile kidogo alichokuwa amekipata.

La tano ni dogo kwa macho lakini hufunga kila kitu. Mafundi wengi huweka amri ya kumzuia mpekuzi wakati tovuti ingali inajengwa, jambo ambalo ni sahihi. Amri hiyo ikisahaulika siku ya kukabidhi, tovuti hufunguka kwa kila anayejua anwani yake, lakini haionekani kwa anayetafuta.

MASWALI KABLA YA RANGI

Njia iliyo bora ni kuanza na daftari na kalamu. Kabla ya kuzungumza na fundi habari za rangi na nembo, mfanyabiashara aandike maswali ambayo wateja humuuliza kwa simu na ana kwa ana. Bei ya jumla ni ipi? Mzigo wa chini kabisa ni kiasi gani? Mzigo unatoka kijiji gani, na lori linafika? Msimu unaanza lini? Malipo hufanyikaje? Maswali hayo ndiyo ramani ya tovuti. Yale yanayofanana huwekwa katika ukurasa mmoja, na kila ukurasa hupewa jina linalosema kilichomo.

Chukua mfano wa muuzaji wa machungwa wa Michungwani. Ukurasa wake wa kwanza ukiitwa "Karibu kwetu", hauna unachokisema. Ukiitwa "Machungwa ya jumla kutoka Handeni, Tanga", umetaja bidhaa, namna ya kuuza, wilaya na mkoa. Jina hilo ndilo ambalo kwa kawaida mtambo huliweka kwa maandishi makubwa katika orodha ya majibu, kwa hiyo linafanya kazi ya kibao cha dukani pia.

Kutaja mkoa pamoja na wilaya kuna maana. Mnunuzi wa Mombasa anaweza kuijua Tanga bila kuijua Handeni. Aidha, mipaka imebadilika. Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, na wapo wanunuzi wa zamani wanaoita eneo lote kwa jina la kale. Ukurasa unaotaja kijiji, wilaya na mkoa humsaidia kila mmoja.

Vipimo navyo vinahitaji uangalifu. Gunia la mahindi nchini Tanzania huhesabiwa kuwa kilo 100, wakati Kenya hutumia gunia la kilo 90. Ukurasa unaotaja bei "kwa gunia" bila kutaja kilo unaalika ugomvi mpakani, na ukiacha mlango wa lumbesa iliyokwisha kupigwa marufuku, ugomvi huo huwa mkubwa zaidi. Andika kilo. Mnunuzi hulinganisha, na mtambo nao hupata maandishi ya uhakika zaidi.

Kwa upande wa mkonge, maneno ya biashara yanajulikana dunia nzima, na ndiyo yanayotafutwa. Mnunuzi wa kiwanda hatafuti "mkonge mzuri sana". Hutafuta daraja, kama vile 3L, UG au SSUG, na hutaka kujua idadi ya marobota, ambayo kwa kawaida ya biashara hii huwa ya kilo 250, na bandari ya kupakilia. Chama cha ushirika au mkulima wa maeneo kama Hale, Magoma, Ngombezi, Magunga au Mwelya, anayetaka kujulikana huku akifuata taratibu za Bodi ya Mkonge Tanzania, aweke madaraja hayo kwa maandishi na kutaja bandari ya Tanga. Sifa bila daraja haziuzi.

Lugha iamuliwe kwa kumtazama mnunuzi. Machungwa na mahindi yanayonunuliwa ndani ya Afrika Mashariki huhitaji Kiswahili kwanza. Mkonge unaokwenda nje, au nyumba ya wageni ya Mombo inayotegemea watalii wapandao Lushoto, huhitaji pia Kiingereza. Kila lugha iwe na ukurasa wake wenye anwani yake. Kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja humchosha msomaji na huuchanganya mtambo.

Bei ikiwekwa iwe na tarehe. Ukurasa unaweza kukaa katika daftari la mtambo miezi mingi baada ya mwenye biashara kuusahau, na mnunuzi atakuja na bei ya msimu uliopita mkononi. Asiye na muda wa kubadili bei kila wiki aandike kiasi, ubora na msimu, kisha aache bei ya siku kwa simu.

UJANJA HUPITA

Wapo mafundi wanaouza ujanja badala ya kazi. Historia inaonyesha ujanja huo umekuwa na mwisho wake.

Zamani wenye tovuti walificha ndani ya kurasa orodha ndefu ya maneno ili mitambo iwapandishe. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haitumii orodha hiyo katika kupanga majibu. Bado wapo wanaoiuza. Februari 2011 ilianza mabadiliko yaliyopewa jina la Panda, yaliyoshusha kurasa zenye maandishi mepesi yaliyorudiwarudiwa. Aprili 2012 yakafuata ya Penguin, yaliyowalenga walionunua viungo na kurundika maneno.

Upande mwingine, yaliyohusu ujenzi safi yamezidi kupata nguvu. Agosti 2014 Google ilisema tovuti yenye ulinzi wa https ingepata uzito kidogo zaidi. Aprili 2015 ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka katika simu kwa anayetafuta kwa simu. Novemba 2016 ilitangaza mpango wa kuitazama tovuti kwa sura yake ya simu kwanza, na Oktoba 2023 ikasema mpango huo umekamilika. Juni 2021 vipimo vya kasi na utulivu wa ukurasa vilianza kuingizwa katika kupanga majibu.

Mei 2024 Google ilianza nchini Marekani kuweka juu ya orodha majibu yaliyoandikwa na akili mnemba, na baadaye ikaeneza huduma hiyo katika nchi nyingi. Majibu hayo nayo huchota kutoka kurasa za watu. Ukurasa uliosema wazi kilo, daraja, mahali na msimu una kitu cha kuchotwa. Bango halina.

Fundisho kwa mwekezaji mdogo ni kwamba fedha iliyowekwa katika ujanja hufa kila mtambo unapobadilishwa, wakati fedha iliyowekwa katika kurasa zilizo wazi, nyepesi na za kweli haijawahi kuadhibiwa kwa ajili hiyo.

MKATABA NA FUNDI

Kwa kuwa kazi ni moja, mkataba nao uwe mmoja. Mambo yafuatayo yaandikwe kabla ya malipo ya kwanza.

Kikoa, yaani jina la tovuti kama lile linaloishia na .co.tz, kisajiliwe kwa jina la mwenye biashara na si la fundi. Majina ya .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa na hulipiwa upya kila muda wake unapokwisha. Fundi akihama mji na kikoa kikiwa chake, mwenye biashara huanza upya, na sifa yote iliyokusanywa katika jina lile hubaki kwa mwingine.

Maneno ya siri ya seva, ya tovuti na ya Google Search Console yakabidhiwe kwa mwenye biashara. Search Console ni huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani watu waliandika hadi wakaiona, walibonyeza mara ngapi, na ni kurasa zipi ambazo mtambo umeshindwa kuzisoma.

Malipo yagawanywe. Sehemu ya mwisho isitolewe siku tovuti inapofunguka kwa mara ya kwanza. Itolewe pale Search Console itakapoonyesha kwamba kurasa kuu zimeingia katika daftari la mtambo. Sharti hilo humfanya fundi akumbuke kuiondoa ile amri ya kumzuia mpekuzi.

Anayeahidi "namba moja Google" kwa wiki mbili aepukwe. Google yenyewe imewaonya wenye tovuti kuwa hakuna awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba mtu hawezi kuilipa ili apandishwe katika majibu ya kawaida. Matangazo ya kulipia ni huduma nyingine, yana alama yake, na huondoka siku fedha inapokwisha.

Hali kadhalika, tovuti yenye fomu ya kukusanya majina na namba za simu za wateja huingia katika mambo ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mfanyabiashara asiye na haja ya fomu asiwekewe. Namba ya simu iliyoandikwa wazi humtosha mteja.

NANI ASUBIRI

Si kila biashara inahitaji tovuti sasa. Anayeuza siku za gulio kwa wateja anaowajua, au mwenye genge la nyanya, atafanya vizuri zaidi kuongeza mtaji wa bidhaa.

Mwenye gesti, gereji, duka la vifaa vya ujenzi au mashine ya kukoboa na kusaga mjini Korogwe anaweza kuanza na Google Business Profile, huduma ya bure inayoweka biashara katika ramani pamoja na saa za kazi, picha na simu. Huduma hiyo ilijulikana kama Google My Business hadi Novemba 2021. Jina la biashara liandikwe kama lilivyo kwenye kibao, na namba ya simu iwe ile ile kila mahali. Maoni ya uongo ya kujisifu ni kinyume cha masharti yake, na wasomaji huyatambua.

Hata hivyo, wanaotegemea vya bure wakumbuke Machi 2024. Huduma hiyo ilikuwa ikimpa mwenye biashara pia tovuti ndogo ya bure, na mwezi huo Google ilizifunga zote. Waliokuwa na kikoa chao waliweza kujenga mahali pengine na kubaki na jina lao. Wengine walibaki na anwani isiyokwenda popote. Kurasa za Facebook, Instagram na WhatsApp zinafaa kwa mazungumzo na wateja, lakini nyumba hizo ni za kupanga.

Wanaofaa kuanza na tovuti kamili ni wale ambao mnunuzi wao yuko mbali, hununua mzigo mkubwa na huuliza maswali mengi kabla ya kusafiri. Katika wilaya hizi hao ni pamoja na wauzaji wa jumla wa machungwa na nafaka, vyama vya ushirika na nyumba za wageni zinazopokea watalii. Chama chenye wanachama wengi kina faida ya kugawana gharama. Kikiandikwa katika tovuti ya halmashauri yake, yenye kikoa cha .go.tz, kinapata pia kiungo kutoka mahali panapoaminika bila kununua ushahidi wa uongo.

KUPIMA FAIDA

Idadi ya waliotembelea tovuti si faida. Kipimo cha mfanyabiashara ni simu zilizopigwa na mizigo iliyouzwa. Njia rahisi ni kumuuliza kila mteja mpya, "Namba hii umeipata wapi?" na kuandika jibu katika daftari la mauzo. Baada ya msimu mmoja, mauzo yaliyotokana na tovuti yalinganishwe na gharama zake zote: kikoa, seva, fundi na muda wa kuihudumia. Kama tovuti haijaleta hata mnunuzi mmoja, Search Console itaonyesha kama tatizo ni kutoonekana au ni kuonekana bila kubonyezwa. La kwanza ni kazi ya fundi. La pili kwa kawaida hurekebishwa kwa kubadili jina na maelezo ya ukurasa, na mwenye biashara anaweza kulifanya mwenyewe.

Lililobaki ni hesabu ya muda. Google hueleza kuwa kazi ya namna hii mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya matunda yake kuonekana. Kwa muuzaji wa machungwa anayelenga msimu mkuu wa katikati ya mwaka, maana yake ni kwamba tovuti inayofunguliwa wakati malori yamekwisha kufika shambani imechelewa kwa msimu huo. Maswali ya wateja yaandikwe wakati wa mavuno, wakati bado yanasikika kwenye simu, kurasa zijengwe miezi inayofuata, na ikifika mwanzo wa mwaka ziwe zimekwisha kusomwa na mtambo. Anayefanya hivyo ataingia msimu akiwa na bei ya dalali mkono mmoja, na namba ya mnunuzi mwingine mkono wa pili.